Panya Waliofunga Ijumaa

Shemasi Musyoka akishika maikrofoni, kanisa zima la Migwani hujua kwamba chakula cha mchana kitapoa. Jumapili ile Kaveke, binti wa Mama Kathini, alikuwa amejiandaa. Aliegemea benchi, akafumba macho kama mtu aliyezama katika maombi, akaanza kusinzia. Alikuwa na haki ya kusinzia. Wiki nzima alikuwa ameinamia hadubini katika kituo cha utafiti kilichoko njia ya kwenda Kitui, na majibu aliyoyapata yalikuwa mazuri kiasi kwamba mkubwa wake, Profesa Mwau, mtu asiyecheka hata akitekenywa, alimkumbatia mbele ya wafagiaji.

"Bwana asifiwe sana!" Shemasi akaanza.

"Amen!"

"Mnakumbuka Mchungaji Kisilu alituhubiria habari ya Ninawi. Mfalme alisema nini? Alisema mtu asionje kitu, wala ng'ombe, wala kondoo. Hata wanyama walifunga! Sasa mimi nikajiuliza, Musyoka, wewe unachunga wanyama gani? Si ni panya wa kule kituoni? Na hao panya si ndio wamewekwa ugonjwa wa dada yetu Nduku, ule wa mishipa? Nikasema, aa, haiwezekani. Kanisa linafunga kila Ijumaa kwa ajili ya Nduku, na panya wenyewe wanakula tu?"

Watu wakacheka. Kaveke akafumbua macho.

"Basi kila Ijumaa asubuhi natoa chakula. Jumamosi asubuhi narudisha. Miezi yote hiyo! Na mmesikia vile imeenda. Dawa imefanya kazi! Juzi Profesa alikuwa anaruka kama mtoto. Watu wangu, dawa ni dawa, lakini Mungu ni Mungu!"

Kanisa lililipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, mpiga kinanda akabonyeza chochote kilichokuwa karibu na vidole vyake. Katika kanisa lile hakuna mtu anayekatizwa akitoa ushuhuda. Mlevi alishawahi kushuhudia mambo ambayo hata mkewe hakutaka kuyajua, na aliachwa akamaliza. Lakini Kaveke alisimama.

"Shemasi," akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "ulifungisha panya wote?"

Mchungaji Kisilu akakohoa. Musyoka hakuona ubaya wowote katika swali. Alitabasamu kama mwanafunzi aliyeulizwa kitu anachokijua.

"Si wote, daktari. Wale wa dawa peke yao. Wale wengine unawapa maji tupu, hao hawakuwa kwa maombi."

Amen zikamiminika tena. Kaveke aliketi.

Kwa mtu asiyejua kazi za maabara, panya kukosa chakula siku moja kwa wiki ni kitu cha kuchekesha tu. Lakini sikiliza. Ugonjwa wa Nduku, mdogo wake Kaveke, una jina refu la Kijapani ambalo mama yao hajawahi kulitamka hadi mwisho, kwa hiyo nyumbani huitwa tu "mishipa". Askari wa mwili wake, wale wanaopaswa kupigana na vijidudu, wamegeuka na kuvamia kuta za mishipa yake mikubwa ya damu. Kuta zinavimba, njia ya damu inakuwa nyembamba. Mkono wa kushoto wa Nduku hauna mpigo unaoweza kushikwa kwa kidole. Muuguzi wa kwanza aliyempima alibadilisha mashine, akaibadilisha tena, halafu akatoka nje bila kuaga. Vidonge vya prednisolone ndivyo vinavyomshikilia mpaka leo, na vyenyewe vimemfurisha uso na kumpandishia sukari, mifupa nayo inamuuma kama ya bibi kizee, naye hajafika miaka thelathini.

Panya hawaugui hivyo wenyewe. Kaveke aliwadunga kitu kilichotolewa kwenye ukungu, kitu kinachowachanganya askari wa mwili mpaka wanavamia mishipa iliyo karibu na moyo. Si ugonjwa wa Nduku hasa, ni binamu yake. Nusu ya panya walipewa maji yenye dawa, dawa ya zamani ya maumivu ya viungo ambayo Profesa aliamini ingewatuliza askari hao. Nusu ya pili walipewa maji matupu. Mwishoni wote waliuawa, mishipa yao ikakatwa vipande vyembamba, na Kaveke akavitazama bila kuambiwa kipi kimetoka kwa panya gani. Mishipa ya waliokunywa dawa ilikuwa safi. Alilia pale pale, akachafua kioo cha hadubini kwa machozi.

Sasa, ili uamini majibu ya namna hiyo, pande zote mbili lazima ziishi maisha yale yale, tofauti ikiwa dawa tu. Na mwili wenye njaa hupunguza ukali wa askari wake, hilo limejulikana siku nyingi. Kwa hiyo ni nini kilichosafisha mishipa ile? Dawa au njaa? Kaveke hakujua. Hakuna mtu duniani aliyejua. Na wiki ile ile, kule mjini Wote, wagonjwa kutoka Kitui na Makueni walikuwa wanakutanishwa ili wakubali kuanzishiwa dawa hiyo, na wakiianza wangepunguziwa prednisolone kidogo kidogo mpaka iishe. Jina la Nduku lilikuwa la kwanza.

Ibada ilipokwisha, mama yao alimshika Kaveke mkono, akamvuta nyuma ya choo cha kanisa. Mama Kathini ni mwanamke mfupi, na hasira yake huwa fupi vile vile, lakini siku hiyo ilirefuka.

"Umeaibisha Shemasi mbele ya watu. Kwa nini?"

"Mwaitu, ameharibu kazi yote. Hatujui kama ile dawa inafanya kazi."

"Si imefanya! Si wewe ulinipigia simu ukilia?"

"Nililia mapema."

Mama yake alishusha sauti, na hapo ndipo Kaveke alipoogopa.

"Mwana wakwa, kila asubuhi nasikiliza kama simu italia kutoka Malili, niambiwe Nduku ameanguka kazini. Kila asubuhi. Sasa amepata nafasi. Nafasi, Kaveke! Na wewe unataka kuirudisha kwa sababu panya alikosa kiamsha kinywa?"

Kaveke alijinasua mkono, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa Profesa Mwau bila kubisha. Kwa haki ya Mungu, Profesa si mtu mbaya. Angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akajisugua macho.

"Mambo ya kanisa yabaki kanisani," akasema.

"Prof, hayakubaki kanisani. Yameingia kwa vizimba vyetu."

"Siku moja kwa wiki, Kaveke. Hata mimi siku zingine nasahau kula."

"Lakini wewe si panya. Panya akikosa chakula usiku na mchana ni kama mtu akikosa siku kadhaa. Na walifunga wa upande mmoja tu. Ungekuwa umesoma hii kwa ripoti ya mtu mwingine, ungeitupa."

Profesa aliinuka, akaenda dirishani. "Mwaka jana nilizika msichana wa Tseikuru. Alikuwa kidato cha tatu. Alipata kiharusi akiwa anasubiri nimtafutie dawa bora. Baba yake aliniuliza kama nilikuwa nasubiri afe ndiyo niharakishe. Kurudia hii kazi ni karibu mwaka. Wewe unaweza kuwaambia wangoje mwaka?"

"Na tukiwaondolea prednisolone, tukawapa kitu hakifanyi kazi? Tutazika wangapi?"

"Kama hakifanyi kazi."

"Ndiyo, Prof. Kama. Hiyo 'kama' ndiyo kazi yetu."

Profesa alirudi kitini, akavaa miwani yake. "Ijumaa utasimama Wote, utaonyesha zile picha, utajibu maswali. Hiyo habari ya kufunga tutaiweka mwishoni mwa ripoti, sentensi moja. Na huyo Musyoka afutwe leo."

Kaveke alitoka kwa hasira. Musyoka alikuwa mlangoni pa nyumba ya panya, kofia mkononi. Mtu aliyesikia mlangoni alikuwa amekwisha kumnong'onezea kuhusu kufutwa.

"Daktari, nimefanya nini?" akauliza. "Niambie tu. Mimi niliwapenda hao panya."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Kaveke zaidi. Angekuwa mvivu, au mwizi wa chakula cha panya, angemrukia kooni. Miezi yote hiyo Kaveke alimwonyesha namna ya kuchanganya dawa, namna ya kujaza chupa, namna ya kusafisha vizimba, na siku hata moja hakumweleza kwa nini kuna panya wanaokunywa maji matupu. Alidhani haimhusu. Basi Musyoka alijitafutia maana mwenyewe, akaitoa mahali anapotoa maana zake zote.

"Keti," Kaveke akamwambia. Wakaketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, akamweleza. Musyoka alisikiliza, uso ukimnyong'onyea kadiri maneno yalivyomwingia.

"Kwa hivyo nimemmaliza Nduku," akasema.

"Hujammaliza. Na hufutwi. Akija mtu kukuambia utoke, mwambie aje aniambie mimi kwanza."

Jumanne alikwenda Malili. Alikuwa amekata shauri kumweleza mdogo wake ana kwa ana, kabla ya Wote, kabla ya watu. Nduku ana hoteli ndogo kando ya barabara kuu, meza za plastiki na sufuria za ndengu, na madereva wa malori humwita Madam kwa sababu hakopeshi. Alimkaribisha dada yake kwa kelele. Alikuwa anakanda unga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuegemeza mezani, kwa maana ukifanya kazi kidogo tu hufa ganzi.

"Leo nimejiangalia kwa kioo," Nduku akasema, "nikaambia huu uso, wewe, siku zako zimehesabiwa. Nikiacha hiyo prednisolone, nitarudi kuwa na shingo. Unakumbuka nilikuwa na shingo?"

"Nakumbuka."

"Watu walikuwa wanageuka barabarani, Kaveke! Na nikipata nguvu nataka kufungua ingine kule Emali. Nimeshaona nyumba." Akaendelea kukanda. "Usiku huwa nalala nikiogopa. Sijawahi kumwambia mwaitu. Lakini tangu unipigie ile simu, nalala tu. Nalala kama gogo."

Aliweka chapati mbele ya dada yake, akaongeza ndengu bila kuulizwa. Kaveke alikula. Kila tonge aliuambia moyo wake, nikimaliza hili namwambia. Akamaliza sahani. Nduku akamwongezea. Akamaliza na hiyo. Halafu akamwambia chakula kilikuwa kitamu, akaondoka, mwoga mkubwa wewe, na njiani kurudi Kitui alijitukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na bado matusi hayakutosha.

Ijumaa ukumbi wa Wote ulijaa. Wagonjwa wenyewe hawakuwa wengi, lakini kila mmoja alikuja na watu wake. Kulikuwa na mzee aliyefunikwa shuka, na vijana wenye nyuso zilizofura kama ya Nduku. Mwalimu mmoja alikuwa ameshapoteza jicho. Mama Kathini alivaa kitenge cha sherehe. Nduku alikaa safu ya mbele, amepaka midomo rangi.

Profesa alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Halafu akamwita Kaveke. Picha ya kwanza ikatokea ukutani: mshipa wa panya aliyekunywa maji matupu, ukuta wake umenenepa na kujaa vidoa vya zambarau. Ya pili: mshipa wa panya wa dawa, mwembamba, safi, njia iko wazi. Watu walishusha pumzi kwa pamoja. Mtu fulani akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Kaveke alingoja makofi yaishe.

"Hii picha ni ya kweli," akasema. "Niliiona kwa macho yangu. Lakini siwezi kuwaambia kwamba ni dawa iliyofanya hivi."

Profesa akainua kichwa.

"Panya waliokunywa dawa ndio hao hao walionyimwa chakula kila Ijumaa. Wale wengine walikula kila siku. Yalikuwa makosa yetu, hatukueleza watu wetu kazi vile inatakiwa. Njaa peke yake inaweza kupunguza uvimbe wa mishipa. Kwa hivyo hatujui. Leo mtaambiwa mkubali kuachishwa prednisolone. Msikubali. Bado hatujui kama tuna kitu cha kuwapa badala yake."

Profesa alinyoosha mkono, akazima maikrofoni. Alisahau kwamba Kaveke ameimba kwaya tangu akiwa na meno ya utoto. Aliendelea bila maikrofoni, na hata wauza maji nje ya ukumbi walisikia.

"Nitarudia kazi yote kutoka mwanzo. Nikisema dawa inafanya kazi, mtajua inafanya. Nikisema haifanyi, mtajua pia. Lakini sitawauzia kitu ambacho sijui!"

Ukumbi ukachafuka. "Kwa hivyo tumetoka Kibwezi kusikia hamjui?" jamaa mmoja akafoka. Mwalimu mwenye jicho moja akaangua kilio. Profesa alikuwa anajaribu kusema neno juu ya utaratibu, na hakuna aliyemsikiliza. Katikati ya kelele zile Nduku alisimama, akamtazama dada yake, na Kaveke angependa kutupiwa jiwe kuliko kutazamwa vile.

"Ulikuja kwangu Jumanne," Nduku akasema. Hakupaza sauti. "Ulikula chakula changu. Nilikuambia mambo sijaambia mtu. Na ulikuwa unajua."

"Nduku..."

"Ungeniambia jikoni kwangu, Kaveke. Mimi si ukumbi."

Akatoka. Mama akamfuata, bila kugeuka nyuma. Kaveke alibaki mbele ya ule mshipa safi ukutani. Alikuwa amesema kweli na amemkosea dada yake, yote mawili kwa mdomo mmoja, na hakukuwa na la kuficha lingine.

Yaliyofuata hayakuwa matamu. Kamati ya maadili ya utafiti ilisimamisha mpango wa wagonjwa na kuamuru kazi ya panya irudiwe, wote walishwe sawasawa. Profesa alikoma kumsalimu, akawa anamtumia ujumbe kupitia kwa karani ilhali ofisi zao zinapakana. Kanisani, Mchungaji Kisilu alihubiri juu ya watu waliosoma mpaka wakapotea, na kichwa chake kikawa kinaelekea benchi la tatu, la Kaveke, kila mara. Kaveke alimsubiri mlangoni baada ya ibada.

"Mchungaji, kama ni mimi, nitaje jina."

"Dada, ulipinga ushuhuda. Ulimjaribu Mungu."

"Sikumjaribu Mungu. Nilijaribu dawa. Na Mungu hahitaji nimdanganyie watu."

Jumapili iliyofuata Kaveke alirudi, akakaa benchi lile lile, na akaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima. Walioudhika waliudhika.

Lililomuuma ni Nduku. Simu zake hazikupokelewa. Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Mama alimletea habari kwa ufupi wa mtu anayelipia kila neno: anakunywa vidonge vyake, yuko kazini, usimsumbue. Usiku Kaveke aliwaza, je, akianguka kabla sijamaliza? Asubuhi alikwenda kazini. Panya wapya walifika, wakadungwa, na Musyoka, ambaye Kaveke alikataa katakata afutwe na ambaye sasa aliielewa kazi yake vizuri kiasi cha kuwachosha wengine, alimweleza kila mgeni kwa nini wa maji matupu ni muhimu kama wa dawa.

Ijumaa moja, kama saa nne asubuhi, Kaveke alisikia mabishano getini. Alipotoka alimkuta Nduku amesimama mbele ya askari wa geti, mkoba begani, barakoa usoni.

"Nimekuja kuona hao panya," akasema, kana kwamba waliachana jana. Hakumsalimu.

"Huwezi kuingia. Kinga yako iko chini na wao wasipate vijidudu kutoka nje. Ni sheria."

"Sijasema kuingia. Kuna dirisha?"

Dirisha lilikuwapo, la kioo kizito, upande wa ujia. Kaveke alimletea kiti. Nduku akakataa kukaa. Ndani, Musyoka alikuwa amevaa koti na glavu, anaanza kugawa chakula. Alipomwona Nduku alisimama wima kama askari jeshi. Midomo yake ilikuwa imekauka. Yeye mwenyewe bado alikuwa anafunga kila Ijumaa kwa ajili ya Nduku, na hilo lilikuwa kati yake na Mungu wake, na Kaveke hakuwa na neno nalo.

"Ni gani wagonjwa?" Nduku akauliza.

"Wote."

Nduku akasogeza uso karibu na kioo. Panya mweupe alikuwa amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, anapumua haraka. Alimtazama kwa muda mrefu. Kaveke alijua anachokiona, kwa kuwa yeye mwenyewe alishawahi kumwona Nduku amejikunja vile vile, homa ikimpanda, kabla ugonjwa haujapata jina.

"Hata wao wanachoka hivyo," Nduku akasema.

"Ndiyo."

"Na mwisho mnawaua."

"Ndiyo. Ndiyo tuone mishipa. Hakuna njia nyingine bado."

"Wa dawa na wa maji?"

"Wote, Nduku."

Nduku akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Musyoka akashtuka, nusura amwage ndoo.

"Shemasi! Na huyo wa pembeni? Huyo wa chini, hajapata!"

Sauti haikupita vizuri kwenye kioo, ila kidole kilieleweka. Musyoka akainama, akaweka vidonge vya chakula kwenye kile kizimba, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama Nduku kama mtu anayengoja kupimwa. Nduku akamwashiria kwa kichwa afungue na kile kingine. Akafungua. Wakaenda hivyo kizimba kwa kizimba, Nduku akitembea upande wake wa kioo na Musyoka upande wake, mpaka mwisho wa safu.

"Nduku," Kaveke akasema, "nilipaswa kukuambia Malili. Niliogopa. Nisamehe."

"Bado nina hasira na wewe. Usiniharakishe."

"Sawa. Lakini pia inaweza kuonekana hiyo dawa haina kitu kabisa. Nataka ulijue hilo sasa, hapa, sio kwa ukumbi."

"Nimesikia." Nduku alivuta kiti hatimaye, akakiweka sawasawa na dirisha, akakaa. Alifungua mkoba, akatoa kopo la muthokoi wa mahindi na maharagwe, akaanza kula taratibu, barakoa imeshushwa kidevuni, macho kwenye vizimba. "Ijumaa ijayo nakuja tena. Na ile ingine. Hoteli ina msichana wa kuiangalia. Mwaitu ameshaniambia nitulie nyumbani niombewe, nikamwambia waombe, sijakataza, lakini mimi nakaa hapa nione."

"Uone nini?"

Nduku alinyoosha kijiko kuelekea kioo, kwa yule wa pembeni aliyekuwa amejikokota mpaka kwenye chakula na sasa anatafuna.

"Kama lazima wafe kwa ajili yangu," akasema, "basi wafe wameshiba."